Kamba ya Mita Kumi

Kijiko kiligonga tako la sufuria jikoni, na Mzee Nukta, aliyekuwa amejifungia stoo na redio yake, hakukijali. Mtu akipika, vijiko hugonga. Sikio lake la kulia lilikuwa ndani ya hedifoni, likimfuatilia rafiki yake aliyekuwa nchi ya tatu kutoka hapo akituma salamu za saa kumi alasiri. La kushoto alikuwa ameliacha wazi, kwa mazoea ya kazini, ili mtu akibisha hodi asikie. Sikio hilo la kushoto ndilo lililomwokoa siku ile, na ndilo lililomtoa jasho.

Mkwaruzo, mkwaruzo, gonga, gonga. Kimya kidogo. Gonga, gonga. Kimya. Mkwaruzo, mkwaruzo. Kimya. Gonga, mkwaruzo.

Mkono wake uliokuwa juu ya kitufe cha shaba ulisimama wenyewe. Mtu aliyetuma na kupokea nukta na mistari ya Morse kwa miaka thelathini na nne haombi ruhusa ya kusoma. Sikio husoma tu, hata mvua ikidondoka kwenye ndoo. Kugonga ni nukta, kukwaruza ni mstari. Z, I, M, A. Zima. Kisha sufuria ikaendelea bila haraka: W, A, N, A, K, U, J, A.

Wanakuja. Hakushangazwa na hao wanaokuja, kwa maana hao alikuwa akiwangoja wiki nzima. Alishangazwa na sufuria. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, na huyo wa pili alikuwa Bi Cherehani, mkewe kwa miaka thelathini na minane, mshonaji wa mapazia, mwanamke ambaye kwa kadiri mumewe alivyojua hakuweza kutofautisha Morse na sauti ya chura.

Akazima. Akachomoa waya dirishani. Akakaa palepale gizani, kinywa wazi, akisikia hodi mlangoni.

Sasa, ili mtu aelewe ni kwa nini mzee wa miaka sitini na sita alijificha stoo kama mwizi wa sukari, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Jina la Nukta alipewa kazini. Alikuwa mfupi, na siku aliyoajiriwa kuwa mpeleka simu za Morse wa shirika la reli aliajiriwa pamoja na kijana mrefu, mwembamba kama ufito. Msimamizi aliwatazama wamesimama bega kwa kiuno, akasema, "Nukta na Mstari. Sasa kazi inaweza kuanza." Majina yakawaganda mpaka uzeeni. Walifanya kazi na kuishi stesheni mbalimbali, wakaonana ana kwa ana labda mara ishirini, lakini walizungumza kila siku. Walipostaafu, Mstari akarudi kwao, mbali, na kila mmoja akanunua redio yake na kukata leseni ya serikali. Kila saa kumi alasiri wakawa wanakutana hewani. Na walishika desturi ya kazini: mwenzako akinyamaza ghafla, unamwita kila dakika tano mpaka saa nzima iishe, ndipo uandike kuwa kituo kimepotea.

Kisha binti wa Mzee Nukta, kwa mapenzi kabisa, akawahamishia wazazi wake kwenye mtaa mpya wa nyumba ishirini na mbili zilizopangwa safu, zote rangi moja, zote na ua wa nyuma unaolingana. Mtaa ulikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na kanuni ishirini na saba. Kanuni ya Tisa ilisema ni marufuku kuweka mlingoti, dishi, waya au kitu chochote kinachofanana na hivyo juu ya paa, ukutani au uani. Mzee Nukta alipeleka leseni yake ikiwa ndani ya fremu. Mwenyekiti wa kamati, mpima ardhi mstaafu ambaye bado alitembea na futi kamba mfukoni, aliisoma yote, akairudisha.

"Serikali imekuruhusu kuongea, mzee wangu," alisema. "Haijakuruhusu kuning'iniza."

Wiki sita zikapita bila Mstari. Na ni katika wiki hizo sita, siku zikitaka kumpima mtu hupima kweli, ndipo Mzee Nukta alipokwenda hospitali kwa ajili ya tumbo lake, akatoka na karatasi. Uvimbe. Ukatwe mapema, alisema daktari, akampangia tarehe ya kulazwa, akamwambia aje na mtu wa nyumbani. Mzee Nukta alifika nyumbani akamwambia mkewe ni vidonda vya tumbo, akamwonyesha na chupa ya dawa nyeupe ya kutikisa kama ushahidi. Karatasi akaikunja ndogo, akaificha ndani ya sanduku la redio.

Msimwite mwongo haraka. Alijaribu kusema mara kadhaa, chai ikiwa mezani, na kila alipofungua kinywa aliuona uso wa mkewe jinsi ungebadilika, akaomba sukari. Aliona kwamba akimwambia yule mwanamke, jambo litakuwa kweli. Lakini kubaki nalo peke yake nako hakuwezi. Alihitaji mtu wa kuogopa naye, na mtu huyo alikuwa nchi ya tatu, na njia ya kumfikia ilikuwa waya ambao Kanuni ya Tisa iliukataza.

Kanuni ya Kumi na Nne, hata hivyo, iliruhusu kila nyumba kamba moja ya kuanikia nguo.

Fundi ni fundi. Alinunua mpira mwembamba wa kijani, wa aina ileile ya kamba za nguo za madukani, akapitisha ndani yake waya wa shaba kwa siku mbili, sentimita kwa sentimita, ulimi ukiwa nje. Kamba za majirani zilikuwa mita sita, zimekata ua moja kwa moja. Yake ilipita mshazari, kutoka dirisha la stoo mpaka nguzo ya chuma ya pembeni, mita kumi na kitu, kwa sababu mawimbi aliyoyataka yalidai urefu huo na mawimbi hayabembelezeki. Kila ncha aliifunga kwa kipande cha plastiki alichokikata kwenye shingo ya chupa, ili umeme usivujie ukutani. Akatundika vibanio na soksi mbili kuukuu. Soksi hizo hazikuwahi kutolewa. Zilikuwa watumishi wa usalama.

Tatizo lilikuwa moja: nguo mbichi juu ya antena huinyima pumzi. Kwa hiyo kila siku, saa kumi kasoro robo, Mzee Nukta alitoka uani akaanua kila kilichoanikwa isipokuwa zile soksi, kikavu au kibichi, akakikunja na kukipeleka ndani. Mtaa mzima ukamwona. Muuguzi wa nyumba ya kushoto akamwambia mumewe, kwa sauti ya kuvuka ukuta, "Unamwona mwenzio? Kila siku anaanua nguo za mkewe. Wewe hata soksi zako huzijui zinakaa wapi." Mzee Nukta akapata sifa ya mume wa dhahabu bila kuifanyia kazi. Mkewe alipomwona na beseni, alitabasamu tu na kurudi kwenye cherehani yake ya miguu, iliyokaa upande wa pili wa ukuta wa stoo. Wakati mwingine, Mzee Nukta akiwa anatuma, cherehani ilinyamaza kwa dakika nyingi. Alidhani anatunga uzi kwenye sindano.

Siku ya kwanza hewani alimwambia Mstari yote: uvimbe, tarehe, hofu. Machozi yalimtoka juu ya kitufe. Tangu siku hiyo, wakishamaliza salamu, Mstari alimuuliza swali lilelile, naye akajibu kwa neno lilelile. Siku kumi na tisa zilipita hivyo, na tarehe ya kulazwa ilibakiza siku nne.

Kilichomfikisha pabaya kilikuwa kengele. Mwenyekiti alikuwa amefunga kengele mpya ya umeme mlangoni kwake, na kengele hiyo ikaanza kulia yenyewe kila saa kumi alasiri. Anafungua, hakuna mtu. Anafunga, inalia. Na ililia kwa mikato ya ajabu, fupi fupi, ndefu, fupi. Alilaumu watoto, akalaumu paka, kisha, kwa kuwa ni mpima ardhi, akachukua daftari na kuandika dakika. Baada ya wiki moja aliwatangazia majirani kwamba kuna mtambo mtaani, na kwamba atapita nyumba kwa nyumba wakati ukiwa unafanya kazi. Hodi ile ilikuwa yake, na pembeni yake alisimama katibu wa kamati, kijitabu cha kanuni kwapani.

Mzee Nukta alitoka stoo. Alimkuta mkewe ameshafungua mlango na ameshawakaribisha wageni, na kijiko bado kiko mkononi. Hakumtazama mumewe hata kidogo.

"Karibuni uani, jamani, huku ndani kuna vitambaa kila mahali," alisema.

Mwenyekiti alifika uani, akasimama, akaiangalia kamba. Jicho lililopima mipaka ya watu maisha yake yote halikosi mstari uliopinda. Akatoa futi kamba, akampa katibu ncha moja.

"Mita kumi na sentimita ishirini," alisema. "Kamba za wenzenu ni mita sita. Na zimenyooka."

Mzee Nukta alifungua kinywa ili akiri, kwa sababu hakuwa hodari wa kudanganya, mnaona wenyewe chupa yake ya dawa nyeupe. Lakini Bi Cherehani alikuwa ameinama kwenye beseni kubwa kando ya mlango, akainuka na pazia bichi lisilo na mwisho, akalitupa juu ya kamba. Likafuata la pili. Maji yakamrukia katibu kwenye viatu.

"Mwenyekiti, mimi nashona mapazia ya watu," alisema huku akibana vibanio. "Hili ni mita nne na nusu, na liko na mwenzake. Nikianika mawili kwenye mita sita yatakaukia wapi, kichwani kwako? Kanuni ya Kumi na Nne inasema kamba moja. Hii ni moja. Kama kuna mahali wameandika urefu, katibu anisomee, nami nitakata leo leo."

Katibu alifungua kijitabu, akafunua, akafunua tena. Akamwangalia Mwenyekiti kwa macho ya kuomba msamaha. Hawakuandika urefu.

"Na kengele yangu?" aliuliza Mwenyekiti, kwa unyonge ambao hakuuzoea.

"Saa hizi inalia?"

Wote walitega sikio upande wa nyumba ya Mwenyekiti, ya tatu kutoka hapo. Kimya.

"Basi huenda imepona," alisema Bi Cherehani. "Ikilia kesho, mwite fundi. Kengele nazo huumwa kama watu."

Alipotamka neno huumwa ndipo alipomtazama mumewe kwa mara ya kwanza.

Wageni waliondoka. Mlango ulipofungwa, Mzee Nukta alijikuta ameketi kwenye kiti cha cherehani bila kukumbuka alivyokifikia. Mkewe alisimama mbele yake, mikono ikichuruzika maji ya pazia.

"Punguza nguvu ya mtambo wako," alimwambia. "Unapiga kengele za watu bure."

"Wewe," alisema Mzee Nukta. Akajaribu tena. "Wewe unajua Morse."

"Stesheni yetu ya kwanza, vile vyumba viwili. Si ulikuwa unafundisha wale vijana wanne wa mafunzo kila jioni pale mezani? Unagonga, unataja herufi, unagonga, unataja herufi. Miaka miwili. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nashona. Wawili kati ya wale vijana walifeli, mimi sikufeli."

"Na hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia. Siku ileile ninayotaka kukuambia, nikakusikia unamtumia Mstari kwamba umebahatika, umeoa mwanamke anayejua kunyamaza." Alifuta mikono kwenye kanga. "Nikasema sawa, ngoja ninyamaze."

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, walisema wahenga, na Mzee Nukta alimwona huyo simba sebuleni kwake amevaa ndala. Alianza kuirudisha nyuma miaka yake, na kila mwaka alioufikia ulimshtua upya. Miaka thelathini na minane ya kugonga kitufe ndani ya nyumba, akiamini kwamba ametengwa na dunia nzima kwa ukuta wa nukta na mistari. Yote aliyoyasema. Yote.

"Mama yako," alisema kwa sauti ndogo.

"Injini ya mvuke inayopanda mlima. Ndivyo ulivyoeleza anavyokoroma. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano."

"Na ile habari ya karani wa tiketi..."

"Kwamba ana macho mazuri. Alikuwa nayo kweli. Ukasema pia kwamba humtaki, unasema tu. Nikaamua kukuamini." Akavuta kigoda, akaketi, magoti yao yakakaribiana. "Na siku binti yetu alipoolewa ukamwambia Mstari kwamba ulilia bafuni. Kwangu ulisema ni sabuni."

Mzee Nukta aliinamisha kichwa. Alishajua sasa mazungumzo yanaelekea wapi, na alitamani sana Mwenyekiti arudi na futi kamba yake.

"Na uvimbe," alisema Bi Cherehani.

Cherehani kati yao na ukuta ilikuwa na sketi iliyoshonwa nusu. Mzee Nukta aliishika ncha yake, akaikunja, akaikunjua.

"Nilikuwa natia pindo," mkewe aliendelea. "Nikasikia unaanza kugonga, na mkono wako haukuwa mkono wako. Mwenyewe ulikuwa unafundisha kwamba kila mtu ana mkono wake, unamjua kabla hajataja jina. Siku ile ulikuwa unagonga kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Nikasikia uvimbe. Nikasikia tarehe. Nikasikia naogopa. Sikuwahi kukusikia ukilitumia neno hilo, hata siku treni mbili zilipokaribia kukutana." Akaivuta ncha ya pili ya sketi. "Mficha maradhi, baba, unajua mwisho wake. Siku kumi na tisa nimekupikia uji laini nikingoja useme. Kila asubuhi nilisema leo. Unafungua kinywa, unaomba sukari."

"Nisamehe."

"Ngoja, sijafika. Mimi nasikia upande wako tu. Ukivaa hivyo vitu masikioni, ya Mstari siyasikii. Maisha yangu yote nimesikia nusu ya mazungumzo; nusu nyingine najazia mwenyewe. Sasa tangu siku ile, kila siku kuna mahali anakuuliza kitu, na wewe unamjibu neno moja. Bado. Kesho yake, bado. Bado. Bado. Mimi nikawa nadhani anakuuliza kama umekwenda kulazwa, nikawa nahesabu siku. Lakini tarehe yenyewe haijafika, kwa nini akuulize kila siku? Sijalala vizuri kwa ajili ya swali hilo. Niambie. Alikuwa anakuuliza nini?"

Mzee Nukta aliitazama sketi.

"Alikuwa ananiuliza, umemwambia mkeo?"

Bi Cherehani alishika kinywa kwa mkono wote. Mwanamke aliyempita mpima ardhi bila kutoa jasho, aliyetunza siri zaidi ya miaka thelathini bila kuvuja hata tone, alibaki hivyo, macho yamemtoka. Kumbe kila bado ilikuwa yake. Kila siku, kupitia ukuta ule, alikuwa amesikia mumewe akikataa kumwambia, na hakujua kwamba ni yeye anayetajwa. Machozi yalimtiririka juu ya vidole. Mumewe naye hakuwa na sabuni ya kusingizia safari hii.

Bi Cherehani alisimama, akachukua beseni.

"Saa ngapi?"

"Kumi na nusu."

"Mstari bado anakuita?"

"Mpaka saa nzima iishe. Ndiyo desturi."

"Basi twende tukaanue mapazia."

Walianua pamoja, mtu huku na mtu kule, na muuguzi wa nyumba ya kushoto akamwita mumewe aje aone. Stoo, Mzee Nukta aliunganisha waya, akapunguza nguvu kwa ajili ya kengele ya watu, na mkewe akanyoosha mkono akachomoa hedifoni. Kwa mara ya kwanza sauti ya Mstari ilijaa nyumbani mle, nyembamba, ikiwa imevuka nchi tatu, ikiita jina la Nukta, ikinyamaza, ikiita tena. Mzee Nukta aliitikia. Mstari hakupoteza muda hata wa salamu. Aliuliza swali lake, na Bi Cherehani alilisikia herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

Mzee Nukta alisogea kwenye benchi, akamwachia mkewe kitufe. Leseni mkewe hakuwa nayo, na katika mambo yote yaliyofanyika mtaani siku ile hilo ndilo pekee lililovunja sheria ya nchi. Mkono wake ulikuwa wa polepole na safi, mkono wa mtu anayetia pindo.

"Ameniambia," alituma.

Upande wa pili ulijaa mvumo wa hewa. Mstari aliujua mkono wa Nukta kuliko uso wake, na huu haukuwa wenyewe. Kisha nukta zikaanza kuja, moja moja, za mzee mwingine mbali sana.

"Wewe ni nani?"

Bi Cherehani alimwangalia mumewe, akainamia kitufe.

"Ni mimi, yule anayejua kunyamaza," alituma. "Ijumaa nampeleka hospitali. Saa kumi nitakuita mwenyewe."